Unga wa Dari la Mianzi

Enzi zetu sikukuu ilianza na nyasi. Siku moja kabla ya Noeli mama alitugawia visu, mimi na wadogo zangu, akatutuma bondeni kukata zile nyasi laini zinazoota penye maji. Tulirudi na matita kichwani, shingo zinawasha, magoti yamejaa tope, na kabla jua halijazama sakafu yote ya sebule ilikuwa kijani. Hakuna aliyeruhusiwa kupita na viatu. Mgeni aliyekuja kesho yake alivua, akakanyaga, akasema "aaa!" kabla hata ya kusalimu, na mama akajifanya hakusikia, ingawa uso wake ulionyesha kwamba amesikia vizuri sana.

Jumamosi iliyopita niliona nyasi tena katika sebule ileile. Zilikuja zimekunjwa kama godoro, ndani ya gari la msichana anayefanya kazi ya kupamba sherehe. Zilikuwa za plastiki, kijani kisicho na haya. Alizikunjua sakafuni, akasimamisha kwenye pembe mianzi minne, nayo ya plastiki, yenye majani ambayo hayatanyauka hata siku ya kiyama, akarudi nyuma hatua tatu, akapiga picha. "Tantine, iko naturel, eh?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo. Sikuwa na nguvu ya kubisha. Wiki hiyo nilikuwa nimeshalia ya kutosha.

Naandika haya nikiwa nimechoka, na ninyi wa rika langu mnaujua uchovu huu, hauondoki kwa kulala. Lakini kuna jambo nililolificha zaidi ya miaka arobaini, na jambo hilo lilikuwa limetundikwa juu ya vichwa vyetu mchana na usiku, katika sebule ya wazazi wangu huku Kadutu, mjini Bukavu. Ni habari ya dari la mianzi na uongo wa mtoto wa miaka kumi na miwili. Mtoto huyo ni mimi. Wacha nianze mbali kidogo, maana watu wa umri wetu hatujui kuanza karibu.

Sisi tuliishi juu ya nyasi na katikati ya nyasi. Tulilala kwenye magunia yaliyojazwa nyasi kavu, na aliyekojoa kitandani alilibeba gunia lake mwenyewe kwenda kulianika, mtaa mzima ukitazama. Kata ya kubebea maji ilikuwa nyasi zilizosokotwa, na ufagio ulikuwa nyasi. Ndizi za kasiksi, ile bia yetu, zilikandwa pamoja na nyasi ngumu hadi maji yake yakatoka, na sisi watoto tuliyaiba kabla hayajawa bia, tukayanyonya kwa mrija wa bua. Tuliharisha siku mbili, lakini nani alijali? Uzio wa lupango, kiwanja cha nyumba yetu, ulikuwa wa matete: jirani alisikia kila mlichosema, nanyi mkanusa kila alichopika. Mgonjwa wa mlimani alifika hospitali amelala ndani ya kipoyi, machela iliyosukwa kwa mianzi, mabegani mwa wanaume wanne waliokuwa wakiimba ili wasahau uzito.

Na mwanzi huohuo ulikuwa bomba la maji, ngazi, filimbi, mti wa kuvulia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kikapu cha kwendea sokoni, na bunduki yetu. Unachukua kipande chembamba, unakiziba huku na huku kwa mbegu za kijani, unasukuma kijiti, paa! Mbegu inampata mwenzako kisogoni katikati ya katekisimu. Leo mjukuu wangu ana bunduki ya betri inayowaka taa nyekundu. Betri ikiisha, vita vinaisha, naye anakwenda kula. Labda hapo ametuzidi akili sisi wote, na wakubwa wa nchi hii pia.

Papa, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa fundi wa madari. Siku zile Bukavu mtu aliyejiheshimu hakulala akitazama mabati, na mbao zilikuwa za matajiri wakubwa. Hao wengine ndio waliomwita papa awafanyie kazi. Aliipasua mianzi kwa panga fupi, akaichonga kuwa fito nyembamba, akazisuka kuwa mikeka migumu yenye upana wa mlango, mmoja mmoja, kisha akaipigilia misumari chini ya kenchi. Ganda la nje la mwanzi linang'aa na kuwa na rangi ya asali, upande wa ndani ni mweupe. Papa alizichanganya pande hizo akatoa mistari iliyopinda na kukutana katikati, mifupa ya samaki tuliita. Ukilala chali macho yako yalifuata ile mistari kutoka ukuta hadi ukuta, na usingizi ukaja wenyewe.

Alikuwa mtu wa maneno machache. Akiipenda kazi yako aliisukuma kwa kidole gumba cha mguu akasema, "Endelea." Akiichukia alifanya vilevile, neno lilelile, ila kidole kilisukuma kwa nguvu zaidi. Tulijifunza kusoma kidole.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja, na ilikuwa ya mwezi. Mwanzi ukikatwa mwezi ukiwa mchanga, alisema, bado una sukari ndani, na vidudu vitaufuata hadi nyumbani kwa mtu. Ukikatwa mwezi ukiwa umezeeka, unakauka kwa amani. Kuupima umri wa mwezi hakukuhitaji kalenda. Mwezi mchanga unauona jioni, watu wakiwa uani. Mwezi uliozeeka unachelewa kutoka, unaukuta asubuhi bado uko angani, wakati wanawake wanapoteremka kuchota maji. "Mwezi ya mangaribi iko ya kucheza," papa alituambia. "Mwezi ya asubui njo ya kazi."

Mimi ndiye niliyekuwa kifungua mimba, na mimi ndiye niliyekwenda kisimani alfajiri. Kwa hiyo kila alipotaka kwenda kukata mianzi, papa alinisubiri mlangoni nikirudi na ndoo. "Nabintu, mwezi ya asubui umeiona?" Nilijibu ndiyo au hapana, naye akafuata nilichosema. Hamjui heshima niliyoisikia. Wadogo zangu hawakuulizwa kitu, hata kama wameshiba au la.

Mwaka ule nilimaliza shule ya msingi na nikapata nafasi katika internat, shule ya bweni ya masista, ambao mama aliwaita bamasere. Palikuwa mbali, nisingerudi nyumbani hadi Pasaka. Mama alishona herufi za jina langu kwenye shuka mbili. Wakati uleule papa akapata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: dari la nyumba nzima ya profesa mmoja huko Muhumba, mtaa wa wakubwa, vyumba saba, karibu na ziwa. Profesa alikuwa na wageni wa kila namna. Kazi ile ikionekana, papa angesuka madari ya Muhumba hadi azeeke. Mianzi ilikuwa kijijini Katana, kwenye shamba la babu, mteremko mzima juu ya kijito. Papa akaniahidi kwamba safari hii tutakwenda naye, mimi na yeye tu, kabla sijaondoka.

Ninyi mliozaliwa katika nyumba ya watoto wanane mnaelewa maana ya "mimi na yeye tu." Katana nilikuwa nimekwenda mara nyingi, kwa harusi na kwa vilio, nimebanwa kati ya shangazi wawili na kuku. Peke yangu na papa, kamwe. Nilihesabu siku. Ila mwezi haukutaka kuzeeka. Jumanne papa aliuliza, nikasema hapana. Jumatano hapana, Alhamisi hapana. Jumatatu ndiyo nilikuwa naondoka.

Ijumaa asubuhi niliteremka kisimani na ndoo yangu, nikatazama juu, anga ilikuwa tupu hadi mlima wa Kahuzi. Nakumbuka nilizunguka mara mbili nikitafuta. Nilipanda kilima maji yakimwagikia mgongoni, na papa alikuwa mlangoni.

"Nabintu, mwezi ya asubui umeiona?"

"Nimeiona, papa. Iko upande ya Kahuzi."

Hata nilimwonyesha ukubwa wake kwa mkono. Papa alinitazama kwa muda mrefu, akafuta panga kwenye suruali, ingawa lilikuwa safi. "Basi tuende," akasema.

Sijawahi kuishi siku nyingine kama ile, na niliolewa kanisani na kuzaa watoto watano. Tulikaa juu ya magunia katika lori, ziwa likiwa mkono wa kulia njia nzima, linaonekana na kupotea nyuma ya migomba. Papa alininunulia beignet mbili, yale maandazi ya njiani, na zote akaniachia. Shambani alikata, mimi nikaburuta. Alinifundisha kugonga mwanzi kwa mgongo wa panga na kusikiliza, maana mwanzi mchanga una sauti ya maji na uliokomaa una sauti kavu. Upepo ulipopita shina zilisuguana zikalia juu yetu, na papa akasema babu aliamini mianzi inaongea. Wakati wa kurudi alizungumza kuliko alivyozungumza mwaka mzima. Aliniambia kwamba siku yake ya kwanza shuleni, kwa mapadri, alilia hadi akatapika, na kwamba nisiogope nikilia. Nilikula mahindi ya kuchoma nikiwa nimeegemea mkono wake, na sikuukumbuka mwezi hata kidogo.

Niliporudi Pasaka, mambo yalikuwa yameharibika. Lile dari la Muhumba lilisifiwa mwezi mmoja, miwili, kisha unga ukaanza kuanguka. Mnaoujua unga wa mianzi hamhitaji kuelezwa: ni laini, wa njano hafifu, unatoka kwenye vitundu vidogo kama vya pini. Asubuhi mke wa profesa aliukuta kwenye kitambaa cha meza, ndani ya vikombe, juu ya mto wa mtoto. Papa alikwenda mara tatu kupaka petroli. Vidudu vilikunywa petroli vikaendelea. Mwishowe profesa, kwa adabu kubwa, akamwambia alitoe. Habari Bukavu haisubiri gari. Kabla ya mwaka kuisha watu walimwita Fundi Unga, hata mbele ya watoto wake, na milango ya Muhumba ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Tangu hapo papa alisuka matenga ya kuku na nyuzio za matete.

Mikeka yote aliileta nyumbani kwa mkokoteni, safari nne, mchana, watu wakimwona. Akaipigilia katika sebule yetu wenyewe. Mama alipouliza kwa nini asiipeleke jikoni ikawa kuni, alijibu, "Kazi mubaya ya fundi inalala kwa fundi." Basi tukakua chini yake. Tulifunika sahani kwa sahani. Mama aliipangusa meza asubuhi, mchana na kabla ya rozari. Mgeni akija, alipewa kiti cha karibu na mlango, ambako mikeka ilikuwa mizima kidogo.

Papa hakuniuliza tena habari ya mwezi, hata mara moja. Nilielewa kwamba hakuwa na imani nami tena, au na mwezi, na sikujua lipi lilikuwa baya zaidi. Kila likizo nilipanga kumwambia, na kila likizo nikarudi internat na neno langu. Kisha nikaolewa, kisha vikaja vile vita ambavyo sitaki kuvisimulia hapa, watu wakakimbia na kurudi, na papa akarudi na kikohozi ambacho hakikuondoka. Siku zake za mwisho nilikaa kando yake nikimpepea. Alilala chali akitazama mistari yake. Nilifungua mdomo mara mbili, na mara zote mbili nilimuuliza kama anataka maji.

Sasa tuje kwenye wiki iliyopita.

Mama yangu amepita miaka themanini. Miguu ilipokataa ngazi za kwenda chumbani, tulimtandikia kitanda sebuleni, chini ya dari, na huko analala mwaka wa tatu huu, macho juu. Mdogo wangu Bahati, anayeishi Goma, anamwozesha binti yake Furaha, na dot, sherehe ya mahari, ilipangwa kufanyika katika nyumba ya nyanya, kama desturi inavyotaka. Bahati akanipigia simu; kwake mimi ni yaya, dada mkubwa. "Yaya, bakwe banakuya, unga ibaangukie mu bière? Mutoe ile kitu. Nimelipia PVC." Hakukosea. Mvua zikiisha kila mwaka vile vidudu huamka na kuendelea walipoachia babu zao, na wakwe ni watu wa kuvaa nguo nyeupe.

Vijana watatu wa PVC, lile dari la plastiki, walikuja Alhamisi asubuhi. Walitazama juu, mmoja akacheka kana kwamba ameona kitu cha makumbusho. "Maman, hii mulitoa mu musée?" Walikuwa tayari na nyundo. Nikawaambia waende kwanza uani wanywe chai, nikawamiminia. Nilijua kwamba mikeka ikishuka na mimi sijasema, sitasema tena. Mama hatakuwa na mwaka mwingine wa kunisubiri, na mimi nitabaki na lile neno hadi kaburini kama papa alivyobaki na jina la Fundi Unga.

Nikarudi ndani, nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Maman, kuko kitu sijakuambiaka."

"Sema mbio. Bale batoto banangoya."

Nikasema. Nilianza na kisima nikamaliza na Muhumba. "Sikuionaka, maman. Nilimudanganya papa juu nilikuwa nataka kwenda naye Katana. Ile mianzi yote ilikatwa mwezi ikiwa mutoto. Jina ya papa njo mi niliiharibu."

Mama aliendelea kutazama juu. Nilidhani hakusikia, nikavuta pumzi nirudie. Ndipo tumbo lake likaanza kutikisika chini ya shuka, na ilinichukua muda kutambua kwamba anacheka.

"We unafikiri papa yako alikuwa kipofu?"

Akajipangusa machozi ya kicheko kwa pembe ya shuka.

"Ile wiki yote tulikuwa tunakaa inje mangaribi. Ye na kasiksi yake, mi na maharagi yangu. Nilichambua maharagi bila taa, Nabintu. Mwezi ilikuwa pale juu ya mugomba, inatuangalia. Mwezi haiko sindano."

"Sasa juu ya nini aliniuliza?"

Uani nilisikia vijana wakibishana habari ya mpira.

"Nilimuambia, ngoja wiki mbili, mwezi itazeeka. Akasema, wiki mbili mutoto atakuwa ameisha kwenda kwa bamasere, na akirudia hatakuwa tena mutoto. Akasema, nitamuuliza. Akisema ameiona, tutaenda." Akageuza kichwa akanitazama kwa mara ya kwanza. "Alikuuliza we, juu asijiulize ye mwenyewe."

Sitawaficha: kwanza nilikasirika. Nilimkasirikia mtu aliyekufa zamani, mimi mwanamke mzima mwenye wajukuu. Miaka yote ile aliniacha nibebe mzigo ambao alijua ni wake, akasuka matenga ya kuku mbele yangu bila kusema. Nikamuuliza mama kwa nini papa hakuniambia hata mara moja.

"Angesema nini? Ati aliharibu nyumba ya batu juu ya kutembea na binti yake mu camion? Alikuwa na haya. Na we ukawa na haya. Nilikuwa nawaona bote mbili." Akanyoosha mkono mkavu, akapitisha kiganja juu ya kimeza kidogo kando ya kitanda, akanionyesha unga. "Na mi njo nilikuwa napanguza. Miaka makumi ine nafagia haya yenu."

Hapo ndipo nililia. Nililia kwa sauti, hadi vijana wakachungulia na vikombe mkononi, na mama akawaambia waingie tu, si kilio, ni wazee wanaongea.

Mikeka ilishuka kwa saa mbili. Tulikuwa tumemhamishia mama kwa jirani, na alipoona wingu la unga likitoka dirishani alijifunika uso kwa kitenge. Vijana walitaka kuitupa bondeni. Nikakataa, nikaiweka uani, na Jumamosi ikawa kuni za kuwapikia wakwe wali, maharage na nyama. Mwanzi mkavu ukiungua unapasuka kama risasi. Ulipopasuka wa kwanza nusu ya mtaa ililala chini, kwa sababu huku kwetu miili imejifunza, kisha wakaamka wakicheka na kujipangusa. Nilikuwa nimeficha mkeka mmoja nyuma ya kabati. Nilipomwambia mama kwamba nitautundika ukutani kwa ukumbusho, alisema, "Utundike kwako. Mi nimefagia, basi."

Dot ilipita vizuri. Furaha alipendeza, na namtakia mema, ingawa anaita nyasi "gazon" na hajawahi kuwashwa nazo shingoni. Msemaji wa wakwe alisifu mapambo, akasema wameona familia inayopenda asili. Watu walipiga makofi wakiwa wamekanyaga plastiki na viatu vyao. Hakuna aliyesema "aaa!" Hakuna unga uliomwangukia mtu. Nilitazama juu mara moja, nikaona weupe mtupu unaong'aa, nikaendelea kugawa soda.

Sisemi zamani ilikuwa bora. Zamani tulikuwa na chawa katika yale magunia, na watu walikufa ndani ya kipoyi kabla ya kuifikia hospitali. Ninachosema ni kwamba kitu kilitoka mahali unapopajua, kikapitia mikono unayoijua, na kikiharibika ulijua umkasirikie nani. PVC ya Bahati ikipasuka, sijui nimkasirikie nani. Shamba la Katana liligawanywa na ndugu za papa, mianzi ikang'olewa ili papandwe mihogo, na mvua za juzi zimechukua nusu ya mteremko. Watoto wangu wakitaka kujua umri wa mwezi wanatazama simu, na hawajawahi kutaka.

Jumamosi usiku nililala hapohapo Kadutu ili nisafishe asubuhi. Nilipoamka, mama alikuwa macho tayari, amelala chali chini ya ule weupe. Mkono wake ulipita juu ya kimeza kwa mazoea. Akakitazama kiganja, kilikuwa safi.

"Sasa nitaangalia nini?" akauliza, na hakuwa ananiuliza mimi.

Nikachukua dumu niende kutafuta maji, kwa maana bomba lilikuwa limekauka siku ya tano. Nilipotoka uani nikasimama. Ulikuwa pale, upande wa Kahuzi, umepauka na umeliwa ubavu mmoja, juu ya mabati ya majirani. Watu walipita na madumu yao wakitazama chini, kwa sababu njia ni mbaya. Nikaweka dumu chini nikarudi ndani haraka, haraka kuliko magoti yangu yanavyopenda.

"Maman, mwezi ya asubui iko."

Hakugeuka. "Umeiona kweli," akasema, "ao unataka tu kutembea?"

"Nimeiona kweli."

Nikakishika kitanda upande wa miguu, nikakivuta, kikakwaruza sakafu yote, nikakigeuza hadi uso wa mama ukaelekea dirishani. Kisha nikakaa kando yake, jasho linanitoka, tukautazama mpaka ukapotea.